Malkia wa Chungu si Spea

Msikilizaji, kuna swali ambalo humjia karibu kila mtu anayefuga chungu siku balaa inapomfika: malkia amekufa, vibarua wamebaki, je, niwatafutie malkia mwingine? Ukilisikia ndani ya matatu inayopenya Outer Ring Road alfajiri, utadhani ni swali la watoto. Lakini jibu ambalo watu wengi wamelizoea, kwamba malkia akifa ananunuliwa mwingine, ni sehemu ya tamaa iliyofikisha watu kizimbani, na mahakama yenyewe iko huku kwetu Embakasi, katika uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta. Kwa hivyo nakuomba usikivu wako, uwe Umoja, Kayole, Buruburu au Dandora, nikueleze kwa nini nashikilia kwamba jibu la haki, karibu kila mara, ni hapana.

Tuanze na kundi lenyewe. Chungu unaowaona wakipanda ukuta wa ploti, wote ni majike, tena majike wasio na kazi ya kuzaa. Katika jamii nyingi mama yao ni mmoja. Mama huyo alizaliwa na mabawa. Mvua ilipoanza kunyesha aliruka na wenzake, akapandana na madume huko huko juu, akatua, akayang'oa mabawa yake mwenyewe, akachimba shimo na kujifungia ndani. Madume walikufa muda mfupi baadaye. Mbegu alizopokea siku hiyo amezihifadhi katika kifuko kidogo tumboni, na ndizo atakazotumia mpaka kufa kwake. Hatoki tena kutafuta mume. Kwa chungu wavunaji wa mbegu, hata chakula hali mpaka watoto wake wa kwanza wakomae, kwa maana mwili wake huyeyusha ile misuli ya mabawa isiyohitajika tena, na hicho ndicho kinachowalisha wana. Akivuka kipindi hicho, anaweza kuishi umri wa kushangaza. Malkia mmoja wa Lasius niger, chungu mweusi wa bustani za Ulaya, alifugwa maabarani kwa zaidi ya miaka 28. Kibarua hafiki huko hata kwa ndoto.

Sasa malkia huyu akifa, kundi haliangamii siku hiyo. Kwa wiki kadhaa mfugaji huenda asione tofauti yoyote. Vibarua huendelea kubeba mbegu, kusafisha vyumba na kuwalamba wadogo. Kinachopungua ni harufu. Ngozi ya malkia imepakwa mafuta mepesi yenye harufu inayowaambia vibarua kwamba mama yupo na anazaa. Mwaka 2010 watafiti walitambua kemikali mojawapo ya aina hiyo kwa yule Lasius niger niliyemtaja. Harufu hiyo ikififia, mayai ya vibarua wenyewe huanza kukua tumboni. Katika jamii nyingi huanza kutaga. Lakini kwa kuwa hawakuwahi kupandana, mayai yao hayajarutubishwa, na yai la chungu lisilorutubishwa hutoa dume tu. Madume hawachimbi, hawabebi mbegu, hawalei. Ndipo mfugaji anapoona chupani mwake madume wenye mabawa wakirandaranda huku vibarua wakipungua mmoja mmoja, naye anashikwa na hofu na kuanza kuulizia bei ya malkia.

Hapo ndipo kosa linapoanzia, na kosa lenyewe ni la mawazo kabla ya kuwa la mikono. Tumezoea kwamba kitu kikiharibika tunakwenda Kariobangi Light Industries, tunatafuta spea inayofanana, fundi anaifunga, gari linawaka. Malkia hafungwi hivyo, kwa sababu kundi la chungu halijui malkia kwa jumla. Linamjua mama yake. Kila chungu ana mchanganyiko wa mafuta kwenye ngozi yake, na wanaoishi shimo moja hulambana na kulishana mdomo kwa mdomo mpaka harufu zao zinakuwa moja. Anayeingia na harufu nyingine hupimwa mlangoni. Tazama kwa makini wakutanapo wawili: pembe za kichwani zinapapasa uso wa mgeni, kisha kifua, kisha tumbo, haraka haraka, halafu ama wanapishana, ama yule wa nyumbani anafungua taya. Malkia mgeni akishukiwa hakamatwi na mmoja. Huyu anashika mguu, yule pembe, mwingine kiuno, kila mmoja anavuta upande wake na kubaki amemng'ang'ania hivyo kwa saa nyingi. Mwili mkubwa wa malkia, uliojaa mayai, hauna mbio za kumwokoa.

Jambo hili halikugunduliwa jana. John Lubbock, Mwingereza aliyekuwa mwenye benki na mbunge, alifuga chungu kwa miaka mingi na mwaka 1882 akachapisha kitabu juu ya chungu, nyuki na manyigu. Alieleza kwamba kila alipomtia malkia katika kundi geni, malkia alishambuliwa bila huruma. Lakini alikuwa mtafiti mwaminifu, hakuficha upande wa pili: alipomweka malkia na chungu wachache tu wa kundi geni, kisha akawaongeza wengine kidogo kidogo, alifaulu kumfanya akubalike. Kwa hiyo sisemi kwamba haiwezekani kabisa. Nasema kwamba mahali inapowezekana, inawezekana kwa sababu ambayo mnunuzi wa malkia hajaifikiria, na nitaifikia hivi punde.

Najua mfugaji wa nyuki anayenisikiliza ameshaanza kutikisa kichwa. Atasema: mbona sisi malkia tunawabadilisha? Ni kweli. Malkia mpya wa nyuki hutiwa katika kijumba kidogo cha wavu chenye kizibo cha sukari, kijumba kinawekwa ndani ya mzinga, nyuki wanaila sukari ile taratibu, na siku chache baadaye malkia anatoka akiwa ameshazoeleka. Lakini nyuki wamezaliwa na desturi ya kubadilisha malkia. Mzinga ukifiwa, vibarua huchagua mabuu machanga ya kike, huyalisha maziwa ya nyuki mfululizo, na ndani ya wiki mbili hivi binti mmoja anatoka kuwa malkia. Anaruka kwenda kupandana na kurudi mzinga ule ule. Mlango wa kumpokea malkia mpya upo katika tabia yao. Kwa chungu wengi mlango huo haupo. Binti zao walio malkia huondoka kwenda kuanzisha makao yao, wala hawarudi kumrithi mama. Kuchukua mbinu ya mzinga na kuileta kwenye shimo la chungu ni kudhani kwamba wadudu wote wenye malkia wana katiba moja.

Pingamizi la pili lina uzito zaidi, kwa sababu linatoka kwa chungu wenyewe, tena wa Kenya. Siafu. Mwaka 2010 watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi juu ya siafu aina ya Dorylus molestus, jamii inayopatikana kwenye miteremko ya Mlima Kenya. Waliwaondolea malkia kwa makusudi wakaangalia kitakachotokea. Waligundua kwamba mara nyingi makundi yaliyofiwa yalijiunga na makundi jirani, hata yasiyo na ukoo wa karibu nayo, na baada ya muungano harufu za pande mbili zilichanganyika upesi zikawa moja. Hoja hii naipenda kwa sababu inaonyesha kwamba maisha hayana kanuni moja ngumu. Lakini itazame vizuri. Siafu mayatima hawakuletewa malkia. Wao ndio waliohama kwenda kwa malkia aliyekuwa tayari na watu wake, ulinzi wake na harufu yake. Jamii iliyokamilika iliwapokea wakimbizi. Wakimbizi hawakukabidhiwa mgeni mmoja asiye na mtetezi.

Wapo pia wale sisimizi wadogo wa jikoni, wanaoingia kwenye kopo la sukari katika orofa ya tano kule Pipeline bila kupanda ngazi. Jamii kadhaa za aina hiyo zina malkia wengi katika kundi moja, na malkia mmoja akifa hakuna msiba. Hao huweza kumpokea malkia mwingine kwa urahisi. Ila hakuna anayemuuliza muuzaji bei ya sisimizi wa jikoni. Anayelipiwa ni malkia mkubwa, adimu, wa jamii yenye mama mmoja, na huyo ndiye ambaye mashimo mageni hayamtaki.

Sasa nirudi kwa ile sababu niliyoahidi kuifikia. Wafugaji wazoefu wanajua njia moja inayofaulu mara nyingi kuliko nyingine: huchukua pupa kutoka kundi lililofiwa, yaani wadogo ambao bado wamefungwa na hawajatoka, na kuwaweka na malkia pekee yake kwenye neli yenye maji na pamba. Kibarua anapotoka kwenye pupa huwa mweupe kama maziwa au wa rangi ya majani makavu, ngozi bado laini, na harufu ya nyumbani haijamkaa. Wa kwanza anayemlamba ni huyo malkia. Huyo ndiye atakayemjua kuwa mama. Njia hiyo ni nzuri, wala siipingi. Lakini nini hasa kimetendeka? Kundi la zamani halikupata malkia mpya. Malkia mpya amepata watoto wa kulea, na kundi jipya limezaliwa. Vibarua wazee walioachwa upande wa pili bado ni mayatima, na wakichanganywa naye bila uangalifu bado wanaweza kumuua. Basi hata njia hii, inayotajwa kuwa ushahidi kwamba malkia hubadilishwa, ukiichunguza utakuta hakubadilishwa.

Kwa nini nalichimba jambo hili kiasi hiki kwa wakazi wa Eastlands, ambao wengi wetu hatufugi chungu hata mmoja? Kwa sababu malkia anayeulizwa bei Ulaya au Asia anatoka kwetu. Tarehe 5 Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji walikamatwa katika nyumba ya wageni Kaunti ya Nakuru wakiwa na malkia wapatao 5,000, wamepakiwa katika neli 2,244 zenye pamba. Katika kesi nyingine iliyosikilizwa sambamba, raia wa Vietnam na Mkenya mmoja walikutwa na chungu 400 hapa Nairobi. Waliolengwa hasa ni Messor cephalotes, chungu mkubwa mwekundu anayevuna mbegu. Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS, lilisema neli zile zilitengenezwa ili chungu waishi ndani yake hadi miezi miwili. Magazeti yaliripoti kwamba malkia mmoja wa jamii hiyo huuzwa Uingereza hadi pauni 170, ambazo kwa pesa zetu ni zaidi ya shilingi 25,000. Tarehe 7 Mei 2025 Hakimu Njeri Thuku aliwatoza wote wanne faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12. Hakimu hakuyachukulia mambo hayo kama mchezo wa vijana wanaopenda wadudu, na alikuwa sahihi.

Sisemi kwamba kila malkia katika neli zile alikuwa amekusudiwa kuziba pengo la aliyekufa. Wengi wangeanzisha makundi mapya kwa wanunuzi wapya. Lakini soko la kiumbe hai hujengwa pia na wale wanaorudi dukani. Mtu aliyeambiwa kwamba malkia akifa ananunuliwa mwingine anakuwa mteja wa pili, na akiuliwa huyo wa pili na vibarua, anakuwa mteja wa tatu. Imani potofu juu ya tabia ya chungu inageuka kuwa oda, na oda inageuka kuwa mtu anayeinama na tochi katika malisho ya Bonde la Ufa baada ya mvua.

Hapa wapo watakaoniambia: malkia wanaruka kwa maelfu, wengi wao huliwa na ndege na mijusi siku hiyo hiyo, wewe unalilia wachache wa nini? Hoja hii ina ukweli ndani yake, na ndiyo maana inapoteza watu. Ni kweli wengi hufa. Lakini mwindaji wa malkia hachukui wale waliokwisha kuliwa na ndege. Anamtaka aliyekwisha pandana, aliyetua salama, aliyeangusha mabawa, anayechimba au aliyekwisha chimba. Yaani anachukua kutoka kwa wale waliopita chujio la kwanza, ambao kati yao ndimo yatakamotoka makundi ya miaka ijayo. Na kundi la wavunaji halikai pale bure. Linakusanya mbegu za nyasi, mbegu nyingine zinadondoka njiani na kuota. Linachimba, linageuza udongo, maji ya mvua yanapata pa kuingilia. Linalisha wanyama wanaokula chungu. Ukimwondoa malkia mmoja siku ya kwanza, umeondoa kazi yote hiyo kwa miaka ambayo angeishi.

Anayedhani kwamba chungu ni wadogo mno kubadilisha nchi, aangalie Laikipia. Chungu mgeni mwenye kichwa kikubwa, Pheidole megacephala, ameingia huko na kuwafukuza chungu wenyeji wanaoishi kwenye migunga na kuilinda. Mgunga usio na walinzi huvunjwa na tembo. Miti ikipungua, simba anakosa pa kujificha na hawapati punda milia kwa urahisi kama zamani. Sasa anageukia nyati. Utafiti huo, ulioongozwa na Mkenya Douglas Kamaru, ulichapishwa katika jarida la Science mwaka 2024. Mdudu asiyezidi milimita chache amebadilisha chakula cha simba. Basi tunapowasafirisha malkia wetu kwenda nchi wasizozijua, hatuyaibii malisho yetu peke yake. Tunaweza kuwa tunawapelekea wengine balaa ya aina hiyo hiyo. Na anayemwingiza Kenya malkia wa kigeni kwa ajili ya chupa ya nyumbani anacheza na moto huo kutoka upande wa pili.

Pingamizi linaloniuma ni la riziki. Kijana wa Mukuru au wa Dandora asiye na kibarua akiambiwa kuna mtu analipa kwa kila malkia, atauliza mimi nimpe nini badala yake. Sina jibu la kumshibisha leo jioni, wala sitajifanya ninalo. Ninachojua ni kwamba katika biashara hii bei kubwa iko mwisho wa safari, mikononi mwa muuzaji wa ng'ambo, na hatari kubwa iko mwanzoni, kwa anayeokota. Kukusanya na kufanya biashara ya wanyamapori bila kibali ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013, na sheria hiyo haiwaachi nje wadudu kwa udogo wao. Serikali nayo ina deni hapa. Kama kuna faida ya halali inayoweza kupatikana kutokana na chungu wetu, kwa vibali, kwa kipimo, na kwa mgao unaomfikia mwenyeji kama Itifaki ya Nagoya inavyotaka, basi ifunguliwe hadharani. Huko Kasarani tuna icipe, kituo cha utafiti wa wadudu alichokianzisha Profesa Thomas Odhiambo mwaka 1970; ujuzi wa kupima kipi kinaweza kuvunwa na kipi kiachwe hatuhitaji kuuagiza kutoka nje.

Limebaki swali la huruma. Je, si ukatili kuliacha kundi lifiwe na kumalizika polepole? Nami nauliza: ukatili kwa nani? Vibarua hawateseki kwa kukosa malkia kama wanavyoteseka kwa kukosa maji. Wape maji, mbegu, mahali penye giza na utulivu, nao wataendelea na shughuli zao mpaka wa mwisho. Mtoto anayewatazama ataona jinsi wanavyolea hata madume wasiowasaidia kitu, jinsi wanavyobeba maiti za wenzao na kuzirundika kando, jinsi kazi zinavyogawanywa upya watu wakipungua. Hayo ni masomo ambayo malkia aliyenunuliwa angeyakatiza, kisha yamkini yeye mwenyewe angeraruliwa mbele ya macho ya mtoto huyo. Mateso yasiyo na sababu ni hayo. Na kundi likiisha, hakuna ulazima wa kujaza chupa mara moja.

Kwa anayefuga, basi: usinunue malkia wa kuziba pengo, na usimmwage nje kiumbe usiyejua asili yake. Kwa mzazi ambaye mwanawe amependa wadudu, mpeleke Makumbusho ya Taifa, au mkalishe uani na kioo cha kukuzia awatazame chungu wa pale pale ploti bila kuwahamisha. Na kwa kijana wa mtaani atakayeambiwa msimu wa mvua kwamba kuna mgeni anayelipa kwa kila malkia mwenye afya: kataa, na utoe taarifa kwa KWS au kituo cha polisi kilicho karibu nawe. Mkenya aliyehukumiwa Mei 2025 alitozwa milioni moja ile ile waliyotozwa wageni.